Upande wa Kushoto wa Koplo Festo

Mliponiaga nilipostaafu, wanangu wa chumba cha mazoezi, mlinipa khanga, saa ya ukutani na agizo la kuandika niliyoyaona kazini. Khanga nimeivaa, saa nimeitundika, na hilo agizo nimelikwepa mpaka visingizio vimeniishia. Nimefagia uwanja wangu hapa Ujiji kwa bidii kiasi kwamba jirani ameniuliza kama kuna posa inakuja. Basi nimekaa, ninaandika. Vyeo vyangu sitavieleza, maana vyote vingeenea kwenye kasha la kiberiti na njiti zikabaki na nafasi. Nataka kuzungumzia watu walioumia vichwa, hasa wale ambao kazi yao ilikuwa kutangulia kwenye hatari: askari, zimamoto, waokoaji wa ziwani. Nimewaona mnavyowapokea. Mnawapokea kama watu walioumia magoti.

Kwanza mjue mnayemsoma. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu waliomba kazi Mwanza na Dar es Salaam. Mimi niliomba hospitali ya Kigoma mjini kwa sababu ningeweza kurudi kulala kwenye kitanda changu. Ziwa nimelitazama maisha yangu yote, na siku zote nikiwa nimekaa nchi kavu. Kichefuchefu hunianza nikiona ndoo ya maji inatikisika. Yakumbukeni haya, maana nitakapofika kwenye habari ya boti nisingependa mdhani nilikuwa shujaa.

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Mzee Bitegeko, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Muha wa Kasulu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Alinipa ufagio, ndoo ya mchanga na bakuli la vibanio vya nguo, akaenda wodini. Nilidhani vyote vitatu ni vya usafi. Mchanga nikaumwaga pale mlangoni maji yanapotuama, vibanio nikavipanga kwenye kamba nje, nikasimama kujipongeza. Aliporudi alitazama ndoo tupu kwa muda.

"Mwamini," akasema, "umemwaga mashine yangu."

Ule mchanga ndio waliokuwa wakifukia mikono humo watu waliopooza, wakitafuta vifungo vya shati vilivyofichwa. Vibanio ndivyo vilivyokuwa vikiamsha vidole. Niliuzoa mchanga kwa kijiko. Tangu siku hiyo sijamcheka mtu anayeanza kazi, isipokuwa kidogo.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa mzee mmoja aliyepata kuwa mwanajeshi. Alikuja akiyumba, anarudia maneno, mwanga wa dirishani unamkera. Mimi, kwa elimu yangu na wiki tatu za ufagio, nikatoa uamuzi kwamba ni mlevi, arudishwe akalale. Mzee Bitegeko akamsogelea, akamnusa mdomo waziwazi, kama mtu anayenusa maziwa.

"Huyu hajanywa hata togwa," akaniambia. "Kichwa hiki kimesikia milipuko mingi kuliko umbea uliousikia wewe, na wewe umesikia mwingi."

Akamvutia kiti kivulini, akafunga pazia, akamuuliza maswali ambayo sikuwahi kuyaona kwenye fomu yoyote. Unalala vipi. Unakula nini. Nani ameacha kuja kukutembelea. Swali la tatu lilimchukua yule mzee muda mrefu, na alipomaliza kulijibu alikuwa analia, na mimi nimeshika ufagio sijui niuweke wapi. Huo ndio mtaala wangu wote. Usingizi, chakula, watu. Mkono na mguu vinafuata nyuma. Mkiona mgonjwa wa kichwa haendelei, msikimbilie kuongeza mazoezi. Ulizeni kwanza analala wapi na redio ya nani inapiga kelele.

Mzee Bitegeko alistaafu akarudi Kasulu, nikabaki na mchanga wake, vibanio vyake na maswali yake. Miaka ikaenda, na wagonjwa wengi nimewasahau majina. Wa miaka yangu ya mwisho nitamsimulia kwa urefu, kwa sababu kwake nilikosea mara mbili.

Festo alikuwa askari mstaafu. Wote walimwita Koplo. Baada ya jeshi alirudi Kigoma akaingia kwenye boti ya uokoaji pamoja na rafiki yake Shabani. Mchana mmoja mtumbwi wa abiria ulipinduka karibu na ufuko, wakaenda. Koplo alizamia mara kadhaa akatoa watu. Mara ya mwisho wimbi liliuinua ule mtumbwi uliopinduka, na ubavu wake ukamgonga kichwani upande wa kulia. Alipelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, akapasuliwa, akarudi kwetu na barua.

Kwa kumtazama ungesema amepona. Anatembea, anaongea, anacheka. Hapo ndipo penye hatari, wanangu, maana mtu mwenye bandeji huhurumiwa na mtu aliyefungua bandeji hulaumiwa. Nilimwona siku ya kwanza kanyoa ndevu upande wa kulia, upande wa kushoto zimejaa.

"Koplo, hilo shavu jingine umemwachia nani anyoe?"

"Shavu lipi, Bi Mwamini?"

Hakuwa anatania. Kushoto kwake kulikuwa kumefutika. Macho ni mazima, mkono wa kushoto una nguvu ukiuamrisha, ila ubongo ulikuwa umeacha kushughulika na upande ule. Alikula ugali wa upande wa kulia wa sahani kisha akalalamika kwamba mkewe, Editha, anampunja. Kelele zilimpandisha hasira. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Na Editha, ambaye kabla ya ajali alikuwa akisema mumewe ni mpole mpaka kuku wanampanda kitini, alikuwa akimzunguka kama mtu anayepita karibu na jiko linaloruka cheche.

Asubuhi moja Editha alimjia mumewe kutoka kushoto na birika la maji ya moto. Koplo hakumwona, alichokijua ni kwamba kitu kimemgusa. Akarusha mkono, maji yakamwagikia Editha kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Baba yake Editha, Mzee Bukuru wa kijiji cha Mwamgongo, ng'ambo ya ufuko, akaja kwa boti kumwona binti yake. Akaketi kwenye kiti kando ya mlango. Koplo akaingia kutoka nje, akampita mkwewe, akaenda kukaa zake. Hakumsalimu. Kiti kilikuwa kushoto.

Ninyi mlioishi na Waha mnajua uzito wake. Muha hamsalimu mkubwa wake kwa kupungia mkono njiani. Anainama, anapiga makofi taratibu, anatoa salamu, anasubiri ijibiwe, anaendelea na makofi, anauliza nyumba, anauliza watoto, anauliza shamba, na kila jibu lina nafasi yake. Sisi Wamanyema wa Ujiji tungekuwa tumeshasalimiana, tumekunywa chai na tumegombana. Kumpita mkweo hivihivi ni kumwambia hana maana. Mzee Bukuru alimchukua binti yake na wajukuu wawili, wakapanda boti iliyofuata. Ujumbe ukaletwa na Shabani, ambaye sasa aliendesha boti ya abiria: mtu asiyenisalimu hana mke kwangu.

Koplo alikuja kwenye chumba chetu peke yake, akakaa.

"Bi Mwamini, nataka mke wangu."

"Sisi hapa tunatibu mikono na miguu, Koplo."

"Basi tibuni huo mkono unaoleta mke."

Nilimjibu kwa mzaha, akaondoka, na nilipokuwa nafunga dirisha ndipo nilipoelewa kwamba kanipa mpango wa tiba ulio bora kuliko wowote uliowahi kuandikwa kwenye faili lake. Ile salamu inataka nini? Inataka ugeuze kichwa umtafute mtu alipo. Inataka mikono miwili ikutane. Inataka ukumbuke nini kinafuata nini. Inataka usubiri zamu yako bila kukasirika. Yote aliyopotezewa na ule mtumbwi yamo humo. Kesho yake nilimwambia: tutafanya salamu mpaka mkweo achoke kuipokea.

Tatizo ni kwamba mimi sikuijua. Niliisikia miaka yote nikiikatiza, maana foleni ni ndefu na mimi nina haraka za mjini. Nikaenda kwa jirani yangu, Mama Ezekieli, naye ni Muha wa Kasulu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe Mmanyema, leo ndiyo umeona umuhimu wa adabu?"

"Nifundishe, mama, usinitukane kwanza."

"Vyote viwili navifanya pamoja. Kunja magoti. Sema mwakeye. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Nikajifunza jioni tatu. Kisha nikamfundisha Koplo, wiki baada ya wiki. Nilimfunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kila akikiona auite mkono huo kazini. Nilijiketisha kushoto kwake, kila siku mbali kidogo zaidi, akawa ananitafuta. Dakika kumi za kazi, kisha anapumzika kimya, pazia limefungwa. Mchana analala. Pombe nilimwachisha kwa kumwambia kwamba nitamnusa, na nilimnusa. Nilimpa daftari la kuandika kila jambo la siku, kwa sababu la jana lilikuwa likimponyoka kabla ya chai.

Asubuhi kabla ya jua kali alikwenda Katonga, ambako kina mama wanaoanika dagaa walikubali awe anawageuzia. Siku za kwanza aligeuza wa upande wa kulia wa kichanja tu.

"Koplo," wakamwambia, "hawa wa huku hawana mama?"

Anarudi, anageuza. Kesho wanamwambia tena. Hawakumhurumia hata siku moja na hawakumfukuza hata siku moja. Mngeweza kusoma chuo miaka mitatu msifundishwe hilo.

Msidhani ilikuwa inapanda tu. Kuna siku alitupa bakuli la chikichi tulizokuwa tukiokota kwa vidole, zikabingirika mpaka korido, akasema yeye si mtoto na salamu si dawa, akaondoka. Niliokota chikichi moja moja nikiwa na magoti yangu haya, nikimsema kwa maneno ambayo sitayaandika. Kesho yake saa mbili kamili nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mwamini. Nimesoma kwenye daftari kwamba jana nilikutupia vitu."

"Marahaba. Daftari limeandika kweli. Kaa, nami nakaa kushoto kwako."

Mwezi wa tatu wa mazoezi alikuwa anaimaliza salamu yote, mkono wa kushoto ukichelewa kidogo kama mtu anayefunga mlango kabla ya kutoka. Nikasema sasa twende Mwamgongo. Nilitaka Shabani ampeleke, mimi nisubiri habari nyumbani. Koplo akauliza kama nimewahi kuona askari anapelekwa vitani halafu mwalimu wake anabaki jikoni. Nikafungasha.

Tuliondokea bandari ya Kibirizi asubuhi. Nilimziba masikio kwa pamba ili injini isimchokoze, nikamketisha mbele, nikamkataza kuongea asijichoshe. Huo ndio mwisho wa kazi yangu ya kitaalamu siku ile. Yaliyobaki njiani ni kwamba nilikuwa nimeinamia nje ya boti na mgonjwa amenishika mgongoni, kwa mkono wa kushoto, bila kukumbushwa.

Mzee Bukuru alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anashona wavu. Hakuinuka. Koplo alisimama, akageuza kichwa polepole mpaka akampata. Akasogea. Akakunja magoti, akaegemeza mikono upande, akapiga makofi, akasema mwakeye. Nikaanza kuhesabu moyoni: sasa subiri, sasa endelea. Alikuwa anakwenda vizuri kuliko siku yoyote. Mwanamke mmoja dirishani akaziba mdomo. Mwingine akacheka wazi. Mzee Bukuru akaushusha wavu.

"Nani kakufundisha kusalimu hivyo?"

Tangu kichwa kilipogongwa, Koplo alikuwa hawezi kuficha kitu. Akaninyooshea kidole. "Huyu Mmanyema."

"Naye kafundishwa na nani?"

"Na Mama Ezekieli," nikasema.

"Ndiyo maana," akasema mzee. "Mkwe wangu anasalimu kama mke wa mtu."

Miezi mitatu, wanangu. Nilimfundisha mwanamume wa jeshi kuinama kama wanavyoinama kina mama wa kwa Mama Ezekieli, kwa sababu mwalimu wangu alikuwa mwanamke na mimi sikuwa na akili ya kuuliza kama wanaume wana yao. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilitamani boti, na mimi boti huwa sizitamani.

Mzee Bukuru aliinuka. "Simama hivi," akamwambia. "Mgongo hivi. Mikono mbele, siyo ubavuni. Piga." Koplo akapiga, na mikono katika mkao mpya ikapishana, ule wa kushoto ukabaki hewani. "Piga tena." Ukabaki tena. Mzee akaushika, akauleta katikati, akauachia, akauona unavyoteleza kurudi. Akakitazama kile kitambaa chekundu. Akahamia kushoto kwa Koplo, kimya, akasimama pale. Koplo akaendelea kusubiri huku akitazama wavu uliokuwa mbele yake, kama mtu aliyeachwa peke yake. Mzee akarudi kulia.

"Siku ile," akaniuliza mimi, "kile kiti kilikuwa upande upi?"

"Huohuo wa kushoto."

Akausogeza wavu kando kwa mguu. Kisha akamwambia Koplo, "Piga tena, tuko wawili," akawa anapiga naye, mpaka makofi yao yakaenda pamoja na salamu ikafika mwisho wake, nyumba, watoto, shamba na wavu. Nilishaanza kujifuta macho nikijua tumemaliza.

Hapo Editha akatoka ndani. Mkono wake ulikuwa umepona kwa kovu jeupe na jekundu mpaka kiwiko.

"Baba ameshasalimiwa," akasema. "Na mimi je?"

Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo kubwa. Mimi, Mama Ezekieli, Shabani, kina mama wa Katonga, wote tulishughulikia heshima ya mzee. Hakuna aliyemwandaa Koplo kumwambia neno yule aliyemwagiwa maji ya moto. Nilifungua mdomo nimsaidie Koplo. Editha akanitazama tu, nikaufunga.

Koplo akatoa daftari mfukoni. Akalifungua, si kurasa za mwisho, akarudi nyuma mpaka alipokuwa akipatafuta. Akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma amri kambini.

"Nilimwagia Editha maji. Sikumbuki. Nimeambiwa na watu watatu tofauti, kwa hiyo ni kweli. Nisiseme ni kichwa. Mkono ni wangu."

Sikuwahi kujua kwamba maneno hayo yamo humo. Mimi nilikuwa nikikagua tarehe na dawa.

Editha akasogea, akakaa karibu naye. "Nilikaa kushoto kwako tangu siku uliyorudi kutoka hospitali," akasema. "Kitandani kushoto, mezani kushoto. Nilidhani umenichoka."

"Sikukuona."

"Sasa najua. Andika: Editha anarudi Jumatano na boti ya asubuhi. Ukisahau, atageuza na boti hiyohiyo."

"Editha," mzee akaanza.

"Baba, wewe umeshamaliza zako."

Koplo akaandika.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu kuliko ile boti. Nilikuwa na namba yake ya simu. Ningeweza kumkumbusha kwa sekunde tano, na mke akarudi, na mimi nikalala. Lakini mke yule hakutaka kurudi kwa kumbukumbu zangu. Mtakuwa na wagonjwa ambao msaada wa mwisho mtakaowapa ni kukaa juu ya mikono yenu wenyewe. Mimi niliifukia simu kwenye ndoo ya unga, na Jumatano asubuhi nikaomba ruhusa ya kuchelewa kazini, nikakaa jikoni naitazama ndoo.

Ikalia humo ndani. Nikaitoa imejaa unga. Alikuwa Shabani, injini inanguruma nyuma yake.

"Bi Mwamini, tunaingia Kibirizi. Mtu wako namwona."

"Yuko peke yake?"

"Peke yake. Amesimama pale watu wanaposhukia. Ngoja, nafunga boti. Watoto wameshashuka, wamemkimbilia. Editha anashuka sasa, ana mabegi mawili. Mbona hamwendei mumewe? Bi Mwamini, anampita. Anampita kushoto, makusudi kabisa, hasemi kitu."

"Na yeye?"

Nilisikia maji yanagonga boti.

"Koplo amegeuka," akasema Shabani. "Kamwita jina. Anaomba begi."

"Kampa?"

"Kampa lile zito. Naye kalining'iniza mkono wa kushoto."